Mtindi usiupashe moto

Ukiwa kwenye dozi ya antibayotiki tumbo likaanza kuunguruma na choo kulainika, jua kwamba dawa haichagui. Inaua bakteria waliokuletea ugonjwa na pia wale wema wa utumbo mpana, wanaochachusha nyuzinyuzi za chakula na kuwabana wabaya wasipate nafasi. Kikombe cha mtindi kwa siku kinaweza kusaidia, maana ndani yake mna bakteria hai wa asidi ya maziwa.

Neno hilo, hai, ndilo watu wanalisahau. Nawaona wengi wakiumimina mtindi kwenye sufuria ya uji unaotokota. Hapo umebaki uchachu tu, bakteria wamekufa. Epua uji, usubiri mpaka uweze kutia kidole bila kuungua, ndipo ukoroge mtindi. Na ukigandisha mwenyewe, chemsha maziwa kwanza, yaache yawe vuguvugu, tia kijiko kimoja cha mtindi mzuri wa jana, funika, uyaache usiku kucha pasipo baridi. Asubuhi yameshikana, unayakata kwa kijiko.

Angalizo: antibayotiki za doksisaiklini na siprofloksasini hazipatani na kalsiamu ya maziwa, kwa hiyo pisha angalau saa mbili kati ya kidonge na kikombe. Dozi imalize. Mwenye kinga dhaifu sana amuulize daktari kwanza, na mtoto anayeharisha anahitaji ORS (chumvi na sukari ya kuchanganya na maji) na zinki, mtindi hauchukui nafasi yake. Ukiona damu kwenye choo, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.