Skrini ikiganda kwenye seva ya mbali, usifunge dirisha

Mwenzangu kazini ndio kwanza anaanza kutumia seva, yaani kompyuta ya mbali anayoiendesha kwa amri, na alikuja na swali la kila mgeni: mbona kazi yangu imekufa nilipofunga laptop? Imekufa kwa sababu ilitegemea muunganisho wako. Muunganisho ukikatika, programu uliyoianzisha humo kwa kawaida huzimwa nao.

Hatua ya 1: Ingia kwa `ssh`, amri ya kuunganisha kompyuta yako na seva. `ssh jina@anwani`. Kwenye `~/.ssh/config` ya kompyuta yako ongeza `ServerAliveInterval 60`, ili ukikaa kimya usikatwe ovyo.

Hatua ya 2: Fungua tmux, programu inayoshikilia kazi zako kwenye seva hata muunganisho ukikatika, kabla ya kugusa kitu kingine. Andika `tmux new -s kazi`; `kazi` ni jina tu la kipindi chako. Ukitaka kuondoka, bonyeza Ctrl-b, achia, kisha d. Programu inabaki ikiendelea kwenye seva. Kurudi ni `tmux attach -t kazi`, na ukisahau jina, `tmux ls`. Wapo wanaong'ang'ania `screen`, programu ya aina hiyohiyo ya tangu 1987. Siwabishii, ila mgeni nampa tmux, kwa kuwa ule mstari wa chini humwonyesha yuko wapi. Seva yenyewe ikizimwa, tmux nayo inakwenda.

Hatua ya 3: Skrini ikiganda. Hapa ndipo watu wanapopoteza nusu siku. Tulia, fuata mpangilio huu.

Anza na Ctrl-q. Mkono uliozoea kuhifadhi faili kwa Ctrl-s utakuponza, maana kwenye teminali nyingi (dirisha la kuandikia amri) Ctrl-s huzuia maandishi yasitoke. Unabonyeza, huoni kitu, kumbe kila herufi inapokelewa. Kwa hiyo usiandike amri kwa hasira ukidhani hazifiki. Ukishabonyeza Ctrl-q zinatekelezwa, na kama mojawapo ilikuwa `rm`, inayofuta faili, shauri yako.

Ukiona neno `Stopped` na mstari wa amri umerudi, ulibonyeza Ctrl-z. Programu haijafungwa, imesimamishwa tu. Andika `fg` iendelee.

Herufi zikigeuka michoro isiyosomeka, huenda ulitumia `cat`, inayoonyesha yaliyomo, kwa faili isiyo ya maandishi. Andika `reset` kisha Enter, hata kama huoni unachoandika.

Yote yakishindikana, muunganisho umekufa. Bonyeza Enter, kisha `~`, kisha nukta. Enter ni lazima, kwa sababu alama hiyo hutambuliwa ikiwa mwanzoni mwa mstari tu. Kwenye baadhi ya kibodi `~` haitokei mpaka ubonyeze nafasi baada yake. Na kama umepitia seva moja kuingia nyingine, `~.` hukata ile ya kwanza, zote zinaanguka. Kwa ya pili tumia `~~.`. Kisha ingia upya na `tmux attach -d -t kazi`. Hiyo `-d` humtoa mteja wa zamani, yaani muunganisho wako wa awali, aliyebaki amening'inia; bila yeye kutoka, dirisha lako laweza kubanwa lifuate ukubwa wa lake, pembeni pakijaa vitone.

Hatua ya 4: Kutoka. `less`, `man` na `top` hufungwa kwa q. Nano, programu ya kuhariri maandishi, ni Ctrl-x. Ukijikuta ndani ya vim, nayo ya kuhariri, bila kutaka, Esc kisha `:q!`, na mabadiliko yote yanatupwa. Vim utajifunza baadaye. Kwa sasa nano inatosha kabisa.

Ndani ya tmux, `exit` kwenye dirisha la mwisho hufunga kipindi chote. Ukitaka kazi iendelee usiku kucha, ni Ctrl-b kisha d.