Mtandao ukikata, kazi isikatike: kuweka tmux kwenye seva ya Ubuntu

Ninaishi Mbeya mjini, lakini seva ninayoihudumia iko Tukuyu, kwenye ofisi ya ushirika wa wakulima. Wenyeji wa Rungwe wanaijua mvua ya huko: radi zikianza, umeme na mtandao vinayumba pamoja. Siku moja nilikuwa katikati ya `sudo apt upgrade`, yaani kusasisha programu za seva, mtandao ukakata. Niliporudi, apt iligoma ikidai dpkg, programu inayosakinisha vifurushi, ilikatizwa njiani, na hifadhidata ilikuwa imesimama. Nilitengeneza kwa `sudo dpkg --configure -a`, lakini wakati huo wote makarani walikuwa na foleni ya wazee waliofuata malipo ya chai. Iliniuma sana. Tangu hapo, kwenye kila seva naanza na tmux.

Kazi ya tmux ni hii: amri zako zinaendeshwa ndani ya kikao kinachoishi kwenye seva yenyewe. Muunganisho wa SSH, ule unaokuingiza kwenye seva kutoka mbali, ukifa, kikao hakifi.

Hatua ya 1: Sakinisha

```
sudo apt update
sudo apt install tmux
tmux -V
```

Usiruke `apt update`. Bila hiyo seva inatumia orodha ya zamani ya vifurushi, na unaweza kuambiwa kifurushi hakipatikani wakati kipo. Amri ya mwisho inakuonyesha toleo ulilopata.

Hatua ya 2: Fungua kikao chenye jina

```
tmux new -s nakala
```

Kipe jina la kazi yenyewe. Ukiacha, tmux inakupa namba 0, 1, 2, na baada ya wiki hukumbuki kipi ni cha nini. Utaona mstari wa kijani chini ya skrini. Huo ndio uthibitisho kwamba uko ndani. Sasa anzisha kazi ndefu, kwa mfano kutoa nakala ya hifadhidata iitwayo ushirika:

```
mysqldump ushirika > nakala.sql
```

Hatua ya 3: Toka bila kuua kazi

Hapa ndipo vijana ninaowafundisha hukwama karibu wote: wanabana vitufe vitatu kwa mpigo. Sivyo. Bana Ctrl na b pamoja, viachie vyote viwili, halafu ndipo ubonyeze d peke yake. Utaona neno `detached`, na utarudi kwenye terminali ya kawaida huku kazi ikiendelea. Ukiandika `exit` badala yake, kikao kinafungwa kabisa.

Mtandao ukikata wenyewe huhitaji kubonyeza chochote. Ukirudi, ingia kwa SSH kisha:

```
tmux ls
tmux attach -d -t nakala
```

Hiyo `-d` inautoa muunganisho wa zamani ambao pengine bado umening'inia. Mimi huiweka kila mara.

Hatua ya 4: Ongeza kumbukumbu ya skrini

Kwa kawaida tmux hutunza mistari 2000 tu. Kwa usasishaji mkubwa haitoshi. Onyo la juu linapotea kabla hujalisoma. Andika hivi kwenye faili la `~/.tmux.conf`, kisha funga vikao vyote vilivyo wazi na ufungue kipya, kwa sababu tmux husoma faili hilo inapoanza tu:

```
set -g history-limit 20000
```

Kupanda juu kusoma, bonyeza Ctrl-b kisha [, tumia mishale, toka kwa q.

Hatua ya 5: Kuisasisha na kuiondoa

```
sudo apt install --only-upgrade tmux
```

Maliza vikao vilivyo wazi kwanza. Toleo jipya linaweza kukataa kuzungumza na kikao kilichofunguliwa na toleo la zamani, ukaiona kazi yako kwa `ps`, amri inayoorodhesha kazi zinazoendelea, lakini usiweze kuingia. Kama huna nafasi ya kuvimaliza leo, zuia kwa `sudo apt-mark hold tmux`, na baadaye fungulia kwa `unhold`.

Seva ikizimika, vikao vyote vinakufa, kwa hiyo tmux haichukui nafasi ya UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia seva umeme ukikatika. Ile ya Tukuyu tuliiwekea betri mpya kabla ya masika.

Kuiondoa ni `sudo apt remove tmux`. Faili la `~/.tmux.conf` litabaki; lifute mwenyewe.