Kikao cha "umesoma nini?": namna ya kukiendesha hadi vitabu vibadilishane mikono

Vikundi vingi vya usomaji huanza kwa kukubaliana kitabu kimoja kisomwe na wote, na vingi hukwama kwenye jambo moja: nakala. Riwaya ya Kiswahili ya miaka ya nyuma unaweza kuipata nakala mbili tu katika mji mzima, na watu 8 hawawezi kupokezana nakala mbili ndani ya mwezi mmoja. Ndiyo maana kikao cha kila mtu kuja na kitabu chake hudumu zaidi. Hakuna anayengoja nakala, hakuna anayenunua asichokitaka, na siku moja mnasikia habari za vitabu 8 badala ya kimoja.

Lakini kikao cha namna hii kisipopangwa hugeuka kuwa watu kusimuliana hadithi kwa zamu, na mtu anarudi kwao hana hamu ya kitabu hata kimoja kwa sababu vyote ameshahadithiwa mpaka mwisho. Kwa hiyo kipimeni kwa jambo moja tu: kabla watu hawajaagana, ni vitabu vingapi vimetoka mkono mmoja vikaingia mkono mwingine?

Watu, muda na mahali

Idadi nzuri ni watu 6 hadi 8. Kila mmoja apewe dakika 7: tatu za kueleza kitabu, mbili au tatu za kukisoma kwa sauti, zinazobaki ni za maswali. Watu 8 ni dakika 56. Ongeza dakika 10 za kufungua na kurudisha vitabu vilivyoazimwa, na 20 za kuazimana vipya, mnamaliza ndani ya saa moja na nusu. Mkiwa 12, maelezo peke yake yanakula dakika 84, na wa mwisho anazungumza na watu waliokwisha kuchoka. Hapo gawanyikeni vikao viwili. Mkiwa chini ya 5, wakikosekana wawili siku hiyo hakuna kikao.

Mara moja kwa mwezi inatosha. Mtu mwenye kazi na watoto hamalizi kitabu kwa wiki moja, na miezi miwili ni mirefu kiasi cha kusahau siku. Chagueni siku isiyohama, kwa mfano Jumamosi ya kwanza ya mwezi saa 10 jioni, ili asiwepo wa kuuliza "ni lini tena?". Mkianza saa 10 mnamaliza saa 11 na nusu, mwanga wa kusomea ungalipo na magharibi haijaingia. Mwezi wa Ramadhani sogezeni kikao baada ya tarawehe, au kirukeni kabisa, bora mseme mapema.

Barazani, uani, darasani au chumba cha maktaba, popote panafaa ilimradi hapana televisheni iliyowashwa. Kaeni duara. Vitabu viwekwe katikati, juu ya meza au mkeka, majalada yakitazama juu, kwani macho ya watu huanza kuchagua kabla mdomo wa mtu haujafunguka. Kahawa na kashata viletwe mwishoni. Doa la kahawa kwenye kitabu cha kuazima limewahi kuvunja urafiki wa watu wengi.

Anachoandaa kila mtu

Aje na kitabu chenyewe, si picha ya jalada kwenye simu. Ndani aweke kikaratasi chenye jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji na mwaka, kisha sura atakayoisomea wenzake. Mchapishaji ana umuhimu mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Vitabu vya Shaaban Robert, kwa mfano, vimechapwa na wachapishaji zaidi ya mmoja kwa miaka mingi, na kurasa hazilingani. Ukisema "tazama ukurasa wa 31", mwenye toleo jingine atatafuta bure. Taja sura na aya.

Kama ni tafsiri, mfasiri atajwe. Anayekuja na *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah aseme kwamba Kiswahili tunachokisikia pale ni kazi ya mikono ya Ida Hadjivayanis. Ni haki yake, na tena inamsaidia msikilizaji: akiipenda lugha ile, anajua amtafute nani.

Dakika tatu za kueleza

Hapa ndipo kikao hupona au hufa, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Kosa la kwanza ni kusimulia yote. Kanuni yake ni nyepesi: usivuke theluthi ya kwanza ya kitabu. Kama kina sura 15, yaliyo baada ya sura ya 5 hayasemwi. Kosa la pili ni lile tulilolitoa shuleni. Wengi wetu tulifundishwa kusoma kwa ajili ya mtihani, basi mtu akiulizwa habari za kitabu huanza na fani na maudhui: dhamira kuu, wahusika bapa na wahusika duara, ujumbe, falsafa ya mwandishi. Uchambuzi huo una mahali pake, ila haujawahi kumfanya jirani anyooshe mkono na kusema "niazime". Kosa la tatu ni sifa tupu: "kizuri sana, kina mafunzo mengi." Maneno hayo yanakaa kwenye kitabu chochote, kwa hiyo hayasemi lolote kuhusu hiki.

Anayeeleza aseme mambo manne: tuko wapi na lini, nani yumo na amekumbwa na nini, kitu kimoja mahususi kilichomshika, na nani anadhani atakipenda. Mfano, mtu ameleta *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi:

"Riwaya hii ilitoka mwaka 1999. Tuko Zanzibar, enzi za Mwingereza. Yasmini, binti wa Kihindi, ameozwa mzee mwenye duka, Bwana Raza. Anamkimbia, jamaa zake wanamkataa, anapata hifadhi kwa shoga yake Mwajuma. Huko anamjua Denge, kijana mwanasiasa anayewindwa na polisi wa mkoloni. Naishia hapo. Kilichonishika ni mazungumzo. Watu wanaongea kama wanavyoongea mtaani, na kwa maneno yao wenyewe unaujua moyo wa kila mmoja kabla mwandishi hajakueleza. Ningempa mtu anayetaka kuiona Zanzibar ya kabla ya Mapinduzi kwa macho ya watu wa kawaida."

Hayo husemwa kwa dakika moja na kidogo. Muda uliobaki aseme pia kilichomsumbua, maana msifu wa kila kitu hupoteza imani ya wasikilizaji ifikapo kikao cha tatu. Na kwa kuwa riwaya hii ilitengenezewa filamu mwaka 2021, pengine wapo walioiona. Wasiruhusiwe kumalizia hadithi. Wao wakae na siri yao.

Mtu akikwama, msimamizi asimuulize "ujumbe wake ni nini?". Amuulize "ulifika wapi ukashindwa kukiweka chini?" au "ni mtu gani unayemjua ungempa kitabu hiki, na kwa nini yeye?". Maswali haya mawili humfungua hata mwenye haya.

Mtunza muda awepo, tofauti na msimamizi, na saa yake ya simu ilie dakika ya tatu. Atumie mlio ule ule kwa kila mtu, awe mwalimu mkuu au kijana wa sekondari. Bila mlio, wazee tunawaonea aibu kuwakatisha, na vijana ndio wanaokatwa.

Kusoma kwa sauti

Kama mna nafasi ya jambo moja tu, fanyeni hili. Maelezo hukueleza kitabu kinahusu nini, lakini ukurasa uliosomwa vizuri unakuonjesha, na aliyeonja huomba sahani. Ukurasa mmoja wa riwaya huchukua dakika 2 hadi 3 kwa mwendo wa utulivu. Chagua mahali ambapo watu wawili wanasemezana au jambo linakaribia kutokea, ukate kabla halijatokea. Aya za mwanzo wa kitabu mara nyingi ni za kueleza mandhari, hazishiki sikio. Isome mara mbili nyumbani kwa sauti, na weka alama ya penseli pale utakapovuta pumzi.

Mashairi yana taratibu zake. Diwani haisimuliwi, inasomwa. Shairi la kimapokeo lina mishororo minne kwa ubeti, na kwa kawaida mizani (silabi) 16 kwa mshororo: 8 za ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili. Tua kidogo baada ya mizani ya 8, ndipo vina vya kati visikike. Wasomaji wengi hukimbilia mwisho wa mshororo na kuvimeza vina vya kati, shairi linageuka kuwa habari. Kituo, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti, hasa kile kinachorudiwa, wasikilizaji wakiitikie. Beti 10 ni dakika 3 au 4. Utenzi una mizani 8 tu kwa mshororo, kwa hiyo unaweza kufika beti 15 bila kuzidisha. Akiwepo anayejua kughani, mwachieni.

Vitabu ambavyo havikumalizika, na visivyo vya hadithi

Aliyeacha kitabu katikati aje vilevile, aseme aliishia wapi na nini kilimkwamisha. Kitabu chembamba si lazima kiwe chepesi. *Nagona* ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, haifiki kurasa 100, na bado imewarudisha wasomaji wengi sura ya kwanza mara tatu. Kumwambia mwenzako mapema kwamba hapo pana mlima ni kumsaidia apande kwa pumzi nzuri.

Kitabu cha kilimo, cha dini, cha afya, cha watoto: vyote viingie. Mama aliyewasomea watoto wake kitabu cha picha kwa wiki nzima amesoma kama wengine.

Daftari na kuazimana

Nunueni kaunta buku moja, ichorwe safu sita: tarehe, kitabu na mwandishi, aliyekileta, aliyekiazima, siku ya kurudi, kimerudi. Mwandishi wa daftari awe mtu mmoja kwa mwaka mzima. Likizunguka kila mwezi, ukurasa mmoja hautajazwa, na vitabu vya mwezi huo ndivyo vitakavyopotea.

Kila mtu aazime kitabu kimoja, kwa mwezi mmoja, akirudishe kikaoni. Asiyeweza kufika amtume mtu nacho. Vitabu hupotea kwa sababu mbili hasa: siku ya kurudi haikuandikwa, au aliyeazima alimpa mtu wa tatu. Jambo la pili likatazwe waziwazi siku ya kwanza. Anayepoteza anunue kilekile, au kingine cha bei hiyo atakachokichagua mwenyewe. Mwenye kitabu aandike jina lake kwa penseli ndani ya jalada la nyuma, na kile alichotiwa saini na mwandishi akiache nyumbani.

Anayeazima akivalishe karatasi ya kaki, atumie alamisho badala ya kukunja pembe. Wakaao Pwani wasikifunge ndani ya mfuko wa plastiki: unyevu unabaki ndani na ukungu unaota kwenye mgongo. Kiwekwe rafuni, pasipogusa ukuta.

Baada ya kikao

Usiku uleule msimamizi atume kwenye kundi la WhatsApp ujumbe mmoja, si nane: kila kitabu mstari wake, jina, mwandishi, na maneno yasiyozidi 15 ya aliyekileta. Aubandike juu ya kundi, vinginevyo kufikia asubuhi salamu zitaufunika. Picha ya jalada inatosha. Kitabu kizima kilichopigwa picha au kugeuzwa PDF kisitumwe, kwa sababu mwandishi wa Kiswahili anaishi kwa nakala chache mno, na kila nakala isiyonunuliwa anaihisi.

Wawili wakikitaka kitabu kimoja, wa kwanza kuandikwa ndiye anayetangulia, na wa pili jina lake liwekwe pembeni kwa mwezi unaofuata. Asiyeweza kungoja aende maktaba ya umma. Zinazotumia mpangilio wa Dewey, wa kuvipanga vitabu kwa namba za mada, huweka fasihi ya Kiswahili kwenye namba 896.392, na rafu hiyo aikague yote, kitabu kwa kitabu, maana mara nyingi anachokitafuta kimerudishwa mahali pasipo pake.