Somo: Kufunga konsonanti ndani ya mshororo, kama malenga wa Wales

Sisi tukishapanga mizani na vina, shairi limesimama. Malenga wa Wales wa zama za kati walidai zaidi: hata konsonanti za ndani ya mshororo zipangwe. Kanuni hiyo huitwa cynghanedd. Tuione kwa mishororo miwili ya Dafydd ap Gwilym, wa karne ya 14, akimsifu shakwe:

Yr wylan deg ar lanw, dioer,
Unlliw ag eiry neu wenlloer

Yaani: shakwe mzuri juu ya maji yanayojaa, hakika, rangi yake moja na theluji au mwezi mweupe.

Hatua ya 1. Hesabu mizani. Kila mshororo una 7: yr-wy-lan-deg-ar-lanw-dioer. Bahari hii huitwa cywydd.

Hatua ya 2. Kata mshororo. Ukwapi ni "Yr wylan deg", utao ni "ar lanw, dioer". Vipande si lazima vilingane mizani.

Hatua ya 3. Ondoa irabu, andika konsonanti mpaka kwenye mkazo wa mwisho wa kila kipande. Ukwapi: r-l-n-d. Utao: r-l-n-d. Zilezile, kwa mpangilio uleule! Baada ya mkazo hutakiwa zitofautiane, ndiyo maana huku kuna g na kule r. Usiishie kuangalia kwa macho. Soma kwa sauti mara tatu, utahisi ulimi ukirudi palepale ulipopita.

Hatua ya 4. Tazama kina, -oer. "Dioer" inabeba mkazo. "Wenlloer" mkazo wake uko kwenye "wen", silabi ya pili kutoka mwisho, kama maneno yetu. Cywydd hudai hivyo: kina kimoja chenye mkazo, kingine bila.

Zoezi. Nimejaribu kwa Kiswahili: "Meli hizi, mali hizo". M-l-h-z, m-l-h-z. Kwa kuwa maneno yetu yana silabi baada ya mkazo, z nayo lazima ifuatwe. Leteni yenu.

MASWALI

Swali: Shikamoo mwalimu. Mbona w ya "wylan" umeiruka?
Jibu: Marahaba. Katika Kiwelisi w mara nyingi ni irabu, haiingii kwenye hesabu ya konsonanti. Lakini w ya mwisho wa "lanw" haifanyi silabi ya peke yake, ndiyo maana neno hilo limehesabiwa mizani moja.

Swali: Nani alikuwa akiwapima malenga hao?
Jibu: Mwanagenzi alifunzwa na malenga bingwa. Mwaka 1523 ulifanyika mkutano mjini Caerwys, wakapangiwa madaraja, ili wazururaji wasio na ujuzi wasijiite malenga kwenye nyumba za wakubwa. Kanuni zenyewe hazijafa: katika tamasha lao la taifa, kila Agosti, kiti cha ushindi hushindaniwa kwa shairi la cynghanedd.

Swali: Mwalimu, langu hili: "Pole sana, pale sina."
Jibu: P-l-s-n, p-l-s-n, umezipanga vizuri sana. Kasoro moja: vipande vyote vimeishia na -na, na kwao ukwapi na utao haviruhusiwi kuwa na kina kimoja. Acha ukwapi kama ulivyo, utafute utao mwingine.