Kabla Hujafunga Kamera ya Ndani: Mambo ya Kuzingatia kwa Wakazi wa Mbeya na Nyanda za Juu

Kamera ya waifai haimkamati mwizi wala haimzuii mlangoni. Kazi yake ni kukuletea habari, basi. Ndiyo maana kabla hujaanza kuulizia bei sokoni Mwanjelwa, jiulize kwanza: habari hiyo ikija saa nane usiku, nawe uko Kyela msibani au umeshuka Dar kufuata mzigo, nani atainuka kitandani akaangalie nyumba yako? Ukikosa jibu, kamera itakachokupa ni kuutazama wizi ukitendeka, ukiwa umbali wa mamia ya kilomita, huna la kufanya.

Kwa hiyo maandalizi yanaanzia kwa watu. Ongea na jirani mnayeaminiana, muelewane kabisa kwamba ukimpigia usiku atapokea. Mjue mjumbe wako, na vijana wa ulinzi shirikishi kama mtaa wenu unao. Namba zao ziwe kwenye simu yako na ya mwenzi wako, pamoja na namba ya dharura 112. Jirani asitoke peke yake kupambana na mtu mwenye panga. Awashe taa, aite wenzake, apige filimbi. Hayo muyapange mchana, mkiwa mmetulia.

Baada ya hapo, izunguke nyumba yako ukiwa na jicho la mtu anayetaka kuingia. Nyumba nyingi huku zina grili madirishani na mlango wa mbele imara, lakini mlango wa uani, ule wa jikoni, una komeo moja tu lililochoka. Pesa ya kwanza iende kwenye komeo hilo. Kamera ifuate. Ukishajua njia ya mwizi, tafuta sehemu moja ambayo lazima aipite akielekea kwenye vitu vya thamani. Mara nyingi ni korido, au kona ya sebule inayoona mlango na televisheni kwa pamoja. Kamera moja iliyowekwa hapo inafaa kuliko tatu zilizotapakaa ovyo.

Kuhusu kimo, mafundi wengi hupenda kuifunga juu kabisa, karibu na dari. Kona ya juu inaonyesha chumba kizima, ni kweli. Lakini huku kwetu Juni na Julai kila mtu anatembea na kofia ya sufu na koti lenye kofia, na kamera ya darini itakuonyesha utosi wa kofia, hakuna sura. Nashauri ile inayotazama mlango iwe kwenye kimo cha uso wa mtu au juu kidogo, labda kwenye rafu ya vitabu, kisha kama uwezo upo ya pili ndiyo iwe juu. Na usiiweke dirishani itazame uani kupitia kioo. Usiku kamera hutumia taa ndogo ambazo macho yetu hayazioni. Mwanga wake ukigonga kioo unarudi kwenye lenzi, na utakachopata ni weupe mtupu. Uani kunahitaji kamera ya nje, iliyotengenezwa kustahimili mvua.

Neno "bila waya" nalo linawapotosha wengi. Kisichohitaji waya ni picha, umeme unahitajika. Kamera nyingi za ndani zina waya wa USB na adapta, hivyo hakikisha soketi iko karibu, usije ukavuta ekstensheni katikati ya korido watoto wakajikwaa. Zipo za betri, ambazo hulala na kuamka zikihisi mtu akisogea. Ni nzuri kwa stoo isiyo na soketi, ila zinachelewa kuamka kidogo na zinaweza kukosa zile sekunde za kwanza mlango unapofunguliwa. Kwa nyumba inayoachwa peke yake wiki nzima, mimi ningechagua ya waya.

Umeme ndio mahali ambapo mipango mingi hufia. Ukikatika, ruta inazima pamoja na kamera, na giza hilo hilo ndilo mwizi analolisubiri. Nunua kifaa kidogo cha akiba ya umeme kwa ajili ya ruta na kingine kwa ajili ya kamera, au kimoja chenye matundu ya kutosha. Kamera ya ndani hula wati 2 hadi 4 hivi; pawa benki ya kweli ya mAh 10,000 inaweza kuibeba usiku mzima. Tatizo ni kwamba pawa benki nyingi haziwezi kuchajiwa na kutoa umeme kwa wakati mmoja, na nyingine hukata sekunde moja umeme unaporudi, kamera ikazima na kuwaka upya. Jaribu mwenyewe: zima swichi kuu ya nyumba jioni, uone nini kinabaki hai na kwa saa ngapi.

Kuna pia LUKU. Watu husafiri wameacha uniti chache wakidhani nyumba tupu haitumii umeme, wakati friji ipo na inakula. Kamera ya wati 3 ikiwaka saa 24 kwa siku 30 inatumia uniti 2 tu, na ruta ya wati 10 kama uniti 7. Si mzigo, lakini uniti zikiisha hayo yote yanazima, wewe ukiwa Tunduma unadhani nyumba inalindwa. Nunua umeme wa kutosha kabla ya kuondoka. Na radi za kuanzia Novemba hadi Aprili tunazijua. Soketi ya ruta na kamera ipitie kifaa cha kuzuia umeme mkubwa. Siku mpo nyumbani na mawingu yametanda juu ya mlima Loleza, chomoa tu.

Sasa mtandao. Kamera nyingi za bei ya kawaida zinashika masafa ya gigahezi 2.4 peke yake. Ruta yako ikiwa inatoa 2.4 na 5 kwa jina moja, wakati mwingine kamera inakataa kuunganishwa hadi utenganishe majina. Kuta zetu za matofali ya kuchoma ni nene na hupunguza nguvu ya waifai, hasa kamera ikiwa vyumba viwili mbali na ruta. Kabla ya kutoboa ukuta, simama na simu pale pale unapotaka kuiweka, uunganishe waifai hiyo ya 2.4, ucheze video. Ikikwama kwenye simu, itakwama kwenye kamera.

Upande wa bando, piga hesabu usije ukashtuka. Picha inayotumwa kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ni kama MB 450 kwa saa, karibu GB 11 kwa siku. Hakuna laini ya kawaida itakayohimili hilo mwezi mzima bila kukufilisi. Mwenye faiba hana shida. Mwenye ruta ya laini aiseti kamera irekodi kwenye memori kadi, na kwenye simu zije taarifa na picha ndogo tu pale mtu anapoonekana. Kumbuka ukifungua kuangalia moja kwa moja, unakula bando la nyumbani na la simu yako kwa pamoja. Ununue la siku nyingi kuliko safari yenyewe, maana bando likiisha kamera haikupigii simu kukuambia. Inanyamaza tu, na ukimya huo unafanana kabisa na ukimya wa nyumba iliyo salama. Jizoeze kuifungua kila asubuhi na jioni hata kwa nusu dakika.

Memori kadi inunuliwe kwa uangalifu, kwa sababu kadi feki ni nyingi. Imeandikwa GB 128, ndani ina 8, na zikijaa inaanza kuharibu ilivyorekodi. Ijaze kwenye kompyuta au simu kwanza, ufungue mafaili ya mwisho uone kama yanacheza. Kwa kasi ile ya megabiti 1, GB 64 huhifadhi kama siku sita za kurekodi mfululizo kabla ya kamera kuanza kufuta za zamani. Tafuta kadi zilizotengenezwa kwa kazi ya kurekodi muda wote. Za kawaida huchoka mapema. Na kadi iko ndani ya kamera: mwizi akiing'oa, ameondoka na ushahidi wake. Kwa hiyo zile picha ndogo zinazokuja kwenye simu zina thamani kubwa, hata kama hulipii hifadhi ya mtandaoni.

Unyevu wa Tukuyu na moshi wa jiko la mkaa vinaacha utando kwenye lenzi. Ifute kwa kitambaa laini. Buibui nao hupenda kutanda hapo mbele.

Taarifa za uongo ni adui mwingine. Pazia likipepea, paka akipita, mwanga wa gari ukigonga ukuta, simu inalia. Kwa siku mbili unaziangalia, siku ya tatu unazima sauti, na hapo kamera imekufa ingawa inawaka. Nyingi zinakuruhusu kuchora eneo la kuangaliwa, kupunguza wepesi wa kuhisi, au kuchagua umbo la binadamu pekee. Tumia wiki nzima mkiwa bado nyumbani kuirekebisha hadi ikilia iwe imelia kwa sababu.

Nenda polepole kwenye suala la nywila. Mwaka 2016 virusi vilivyoitwa Mirai viliteka kamera na vifaa vingine vya majumbani kwa wingi duniani kote, kwa kujaribu tu nywila zile zile zinazotoka nazo kiwandani. Februari 2024, kampuni ya kamera ya Wyze ya Marekani ilikiri kuwa watu wapatao 13,000 walionyeshwa picha za kamera zisizo zao baada ya hitilafu. Moja lilitokana na uzembe wa kutobadilisha nywila, la pili mtumiaji hakuwa na la kufanya isipokuwa kuepuka kuweka kamera mahali pa aibu. Badilisha nywila siku ile ile, iwe ndefu na usiitumie pengine popote, washa uthibitisho wa hatua mbili (namba ya siri ya ziada juu ya nywila), ruhusu masasisho. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako mbele ya macho yako. Fundi akisema atatumia ya kwake "ili iwe rahisi," mkatalie kwa upole, maana mwenye akaunti ndiye mwenye macho ndani ya nyumba yako.

Na hapa nataka nisisitize jambo linalonigusa kuliko yote. Mwizi anaweza asije mwaka mzima, lakini kila siku kamera ya ndani inawatazama watoto wako, mama mkwe aliyekuja kutoka Makete, na dada anayekusaidia kazi. Mwambie dada kamera iko wapi, inarekodi nini, na kama inasikia sauti. Usiifiche kwenye saa ya ukutani ili umvizie. Chumbani kwake, bafuni na wanapobadilishia nguo watoto, kamera isikanyage kwa sababu yoyote. Mkiwa nyumbani izimeni au igeuzeni ukutani; nyingine zina kifuniko cha lenzi, na kwangu hicho ni kigezo cha kununulia. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda maisha binafsi ya kila mtu na maskani yake, na tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, yenye tume yake. Hata kama sheria zisingekuwepo, binti wa watu aliyekabidhiwa kwako na wazazi wake anastahili kulala bila kutazamwa.

Ikitokea kweli umenasa sura ya mtu, zuia kidole. Usiirushe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ukiandika "mwizi huyu hapa." Picha ya usiku ina ukungu, watu wanafanana, na tunajua wananchi wenye hasira kali wanavyoweza kumaliza maisha ya mtu kabla hajaulizwa jina. Toa kadi ili isijirekodi juu yake, weka nakala, ipeleke kituo cha polisi, uandikishe maelezo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa aina hii mahakamani, lakini mahakama itaangalia ulivyotunzwa, kwa hiyo usiikate wala kuihariri. Saa na tarehe za kamera ziwe zimesetiwa sawa tangu mwanzo, kwa saa za Afrika Mashariki. Kamera nyingi hutoka zikiwa na saa za nchi za mbali.

Siku chache kabla ya safari yako ya kwanza fanyeni zoezi. Wewe nenda hadi Uyole ukiwa na bando la simu tu, waifai ya nyumbani isikusaidie. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, mtu wa nyumbani avae koti na kofia aingie kwa mlango wa uani. Hesabu muda hadi taarifa ikufikie, angalia kama sura inatambulika, kisha mpigie yule jirani uone atapokea baada ya milio mingapi. Mzime umeme wa nyumba mrudie tena. Asubuhi fungueni kadi mtazame kama matukio yote mawili yamo.