Zulia Limeharibika: Alipe Mwenye Nyumba au Mpangaji?

Ugomvi wa zulia ambalo mwenye nyumba ametandika chumba kizima kwa kawaida huanzia kwenye ukubwa wa doa, na hapo ndipo unapopotea njia. Yanayoamua ni mambo mawili: kitu gani kimeliharibu, na zulia lenyewe lilikuwa na umri gani siku hiyo. Someni kwanza mkataba na sheria ya upangaji ya mahali mlipo, maana hizo ndizo zenye neno la mwisho. Pale zinaponyamaza, fuateni utaratibu huu.

Tafuteni chanzo. Zulia hukonda pale miguu inapopita kila siku: mlangoni, kwenye korido, mbele ya kochi. Rangi hupauka upande wa dirisha lenye jua. Miguu ya kitanda na kabati huacha vishimo. Huo wote ni uchakavu wa kawaida na mzigo wake ni wa mwenye nyumba, kwa sababu kodi anayopokea inalipia matumizi hayo. Alama ya pasi, tundu la sigara, wino, rangi ya kucha au nyuzi zilizochanwa na makucha ya paka ni za mpangaji, hata kama aliyefanya hivyo ni mgeni wake.

Zulia lililojikunja mawimbi huleta utata. Mara nyingi fundi hakulivuta vya kutosha alipolitandika, na hilo si kosa la mpangaji. Lakini mawimbi hayohayo huweza kutokea mtu akiliosha kwa maji mengi mno au akikokota kabati zito juu yake. Ulizeni yalianza lini.

Maji nayo yanataka uangalifu zaidi. Bomba la ukutani likipasuka au paa likivuja, ni juu ya mwenye nyumba. Ndoo au beseni likisahauliwa chini ya bomba mpaka likafurika, ni juu ya mpangaji. Penye utata ni katikati ya hayo mawili: mpangaji anaona unyevu, ananyamaza wiki mbili, ukungu unaota. Uvujaji haukuwa wake, lakini ukimya wake umeongeza hasara, na sehemu hiyo anaweza kudaiwa. Ukungu huweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo toa taarifa siku ileile, tena kwa maandishi. Kama kuna bima, fahamu kwamba kwa kawaida hulipia ajali ya ghafla, wala si maji yaliyodondoka taratibu kwa miezi. Angalia pia kiasi ambacho mwenye bima hujibebea mwenyewe kabla ya kampuni kulipa. Hasara ikiwa ndogo kuliko kiasi hicho, hakuna faida ya kudai.

Sasa hesabu. Hata mpangaji akiwa na kosa, hawajibiki kununua zulia jipya badala ya kuukuu. Kadirieni maisha ya zulia hilo. La ubora wa kati nyumbani hudumu kama miaka 8 hadi 10. Toeni miaka liliyokwisha kutumika, kisha gawanyeni iliyobaki kwa maisha yake yote. Zulia la miaka 10 lililotumika miaka 7 limebakiza 3, basi mpangaji alipe 30 katika kila 100 ya gharama. Likiwa limeshapita umri wake, anachodaiwa ni kidogo sana au hakipo kabisa. Ndiyo maana risiti ya ununuzi ina thamani kubwa: bila tarehe, kila mtu atataja umri unaomfaa.

Kabla ya kung'oa, jaribuni kutengeneza. Tundu la pasi huzibwa kwa kiraka kilichokatwa kwenye zulia hilohilo ndani ya kabati la ukutani, mahali pasipoonekana. Nyuzi za kiraka lazima zilale upande mmoja na za zulia, la sivyo kitaonekana kama kivuli. Kipande kipya kabisa kilichobaki dukani au stoo mara nyingi hung'aa kuliko zulia lililozeeka. Mkojo wa mnyama ni jambo jingine: hupenya hadi kwenye sponji iliyotandikwa chini ya zulia, na ukisafisha juu tu harufu itarudi hewa ikiwa na unyevu. Hapo sponji iliyolowa hukatwa na kutupwa, na sakafu ikaushwe kabla ya kutandika nyingine.

Siku ya kuhamia, pigeni picha za kila chumba zenye tarehe, pembe kwa pembe, na nyote mtie saini orodha ya kasoro zilizopo. Mwenye nyumba anayekata amana, yaani fedha ya dhamana aliyoweka mpangaji, bila kumbukumbu hizo hana la kuonyesha.

Mpangaji akidaiwa, aombe vipimo vya chumba kilichoharibika na makadirio ya fundi kwa maandishi. Chumba cha mita 3 kwa 4 ni mita za mraba 12, pamoja na nyongeza kidogo ya vipande vinavyopotea kwenye ukataji. Mwenye nyumba akitaka vyumba vyote vifanane, au akichagua zulia bora kuliko la awali, tofauti hiyo aitoe mfukoni mwake.