Mchoraji unayetaka kuandika kitabu chako mwenyewe cha watoto, pitia hapa

Kuna kijana wa hapa Mtwara anachora mabango ya maduka na ubavuni mwa bajaji, mkono wake mzuri sana, sasa amechoka kuchorea hadithi za watu anataka yake. Tumekaa naye tukaipitia kazi yote, nikaona niwaandikie na wengine maana najua mpo, huku na Lindi pia.

Hatua ya 1: Simulia kwanza
Penseli weka pembeni. Jioni waite watoto wa jirani, washa rekoda ya simu, sema hadithi hadithi, wakishajibu hadithi njoo anza kusimulia. Kesho yake sikiliza. Pale walipoanza kuchokozana pakate, pale walipouliza "enhe, ikawaje?" ndo kitabu chako kilipo.

Hatua ya 2: Tengeneza dami (kitabu cha majaribio)
Karatasi 8 za A4, zikunje katikati, piga pini, una kurasa 32. Vitabu vingi vya picha viko hivyo kwa sababu kiwandani wanachapa karatasi kubwa halafu inakunjwa kuwa kurasa 8 au 16. Ukitaka kifupi zaidi sawa, ila idadi igawanyike kwa 4.

Hatua ya 3: Kata maneno
Hapa ndo wachoraji wengi wanakwama, na hapa usiwe na haraka kabisa. Mchoraji akianza kuandika anaandika picha. Huyu kijana ukurasa mmoja aliandika hivi: "Asha alivaa gauni jekundu, akainama chini ya mkorosho akaokota korosho akatia kwenye ndoo ya bluu." Sasa gauni tunaliona, mkorosho tunauona, ndoo tunaiona, maneno yanafanya nini hapo? Tukafuta yote, ikabaki: "Bibi alisema ndoo ijae kabla jua halijawa kali." Hilo picha haiwezi kusema, yani agizo la bibi na saa inayokwenda.

Halafu kuna kinyume chake, na mi ndo napenda zaidi: jambo ambalo picha inasema na maneno yananyamaza. Tumechora tundu kwenye kitako cha ndoo, korosho zinadondoka nyuma ya Asha, kuku wanamfuata, ila maneno yanasema tu "Asha akaokota, akaokota." Mtoto anayesomewa ataliona tundu kabla ya Asha na atapiga kelele "imetoboka!" Usije ukaliandika hilo tundu, hata mhariri akikuomba, mbishie, maana ukiliandika umemnyang'anya mtoto kitu chake.

Angalia na kufunua ukurasa. Kurasa za witiri ziko kulia, kwa hiyo swali likae mwisho wa ukurasa wa kulia na jibu nyuma yake. Asha anachungulia ndani ya ndoo ukurasa wa 23, alichokiona kiwe wa 24. Ukiviweka 22 na 23 vinatazamana, jicho la mtoto linawahi jibu na utamu umeisha. Lakini si kila ukurasa uwe hivyo, watoto wanachoka, mara tatu nne kwa kitabu kizima zinatosha.

Ukimaliza funika maneno, pitia picha peke yake. Kisha funika picha usome maneno. Kama kimojawapo kinajitosheleza bila mwenzake bado hujakata vya kutosha.

Hatua ya 4: Chora
Hii unaijua. Mi nasisitiza penseli na karatasi kwanza, kompyuta baadae, na programu ya Krita ni ya bure inatosha. Faili liwe dpi 300 (yani nukta 300 kwa kila inchi, picha isitoke na ukungu), rangi ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3, na acha nafasi ya maandishi.

Hatua ya 5: Makaratasi
ISBN, yani namba ya utambulisho wa kitabu, inatoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, hakimiliki sajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Ukitaka kiingie mashuleni kuna ithibati (kibali) ya TET, yani Taasisi ya Elimu Tanzania, hiyo iulizie mapema kabla hujachapa. Na jalada la nyuma chini acha kipande cheupe cha msimbomilia (ile mistari myeusi inayosomwa na mashine dukani), usichore kitu hapo.